Tanuri la Hatta na Spea Zisizo na Mwenyewe

Nikiwaambia vijana wa hapa Kisauni kwamba niliwahi kutengeneza hita ya nyumba Dubai, huangua kicheko. Dubai, kule ambako wakati wa joto bomba la maji baridi hutoa maji ya moto? Hita ya nini? Huwaacha wacheke wamalize. Halafu huwaambia wakae, kwa sababu karibu ufundi wote ninaoujua umo ndani ya ile hita, na asiyetaka kusikiliza aende akafundishwe na simu yake.

Basi nanyi mnaosoma, kaeni. Mimi ni fundi wa viyoyozi, sasa nimestaafu, magoti yananiuma kwa ajili ya zile ngazi za kupandia mapaa. Ninayoyasimulia ni ya ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, nilipokuwa karakana moja ya Al Quoz, kulekule Dubai. Kazi yetu ilikuwa baridi: baridi ya maofisi, baridi ya mahospitali, baridi ya majumba ya kifahari. Mtu akipiga simu kulalamika, hata hatukumwuliza ana shida gani. Tulijua anataka baridi.

Kabla sijafika kwenye hita, niwaeleze kuhusu spea, maana vijana wa leo mna ugonjwa wa kubadilisha mashine nzima kwa sababu ya kidude kimoja. Kuna spea orijino na kuna spea ya yunivasal. Orijino imezaliwa pamoja na mashine yake. Unaitia, inaingia, unaondoka zako. Ya yunivasal haikutengenezwa kwa ajili ya mashine yoyote. Inakuja kwenye boksi pamoja na mfuko wa vikorokoro: vyuma vya kushikilia vya kila umbo, nyaya ndefu kuliko unavyohitaji, skrubu ambazo nusu yake hazitatumika, na karatasi ya maelezo kwa lugha chungu nzima isipokuwa yako. Haina mwenyewe. Wewe ndiye unayeichukua ukaikalisha ndani ya mashine ya watu mpaka ikaonekana kama iliwahi kuwa pale.

Aliyenifundisha kuikalisha alikuwa Ustadi Rafiq, Mpathani wa milima ya upande wa Peshawar, mtu mkubwa mwenye ndevu za hina na mikono iliyoweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Hatukuwa na lugha moja. Tulizungumza kwa Kiarabu cha kazini, Kiingereza cha kuokoteza na matusi ya Kihindi ambayo kila mtu Dubai huyajua kabla ya kujua kuomba maji. Lakini katika kazi alikuwa na kanuni, na ukiivunja moja, siku hiyo utakula peke yako.

Kanuni yake kubwa ilikuwa hii. Ukitoa spea iliyokufa ukaweka ya yunivasal, usiitupe ile maiti. Ifunge kwa waya, ining'inize upande wa ndani wa mlango wa mashine, mbali na moto na mbali na nyaya. Ile ya zamani ndiyo inayojua ilikuwa imesimama wapi, ilikuwa na urefu gani, waya gani ulikwenda wapi. Mpya ikikorofisha, fundi atakayekuja atamwuliza marehemu. Inakaa pale mpaka ile mpya imalize msimu mzima bila matata. Nikimwuliza Rafiq tuitoe lini, alijibu kwa Kiarabu chake kibovu: mpaka mpya izoee.

Nilidhani ni ushamba wa milimani mpaka siku ya ile kliniki ya meno ya Oud Metha. Mota ya feni ya juu ya paa ilikuwa imeungua, nami nikaweka ya yunivasal. Sasa, mota ya namna hiyo huweza kuzunguka pande zote mbili. Kuna nyaya mbili unazozibadilisha kuiambia izunguke upande upi. Mimi nikafuata mchoro wa kwenye boksi, feni ikazunguka vizuri, nikajipongeza, nikashuka. Chini, wagonjwa walikuwa wamelala midomo wazi huku jasho likiwatiririka, na daktari anafuta uso kwa mkono uleule wenye glavu. Rafiq akapanda. Akatoa kitambaa chake mfukoni akakiachia juu ya feni. Badala ya kupeperuka kwenda juu, kikanasa kwenye wavu. Feni ilikuwa inaisukuma hewa ya moto irudi ndani ya mashine. Ile mota iliyokufa nilikuwa nimeshaitupa kwenye pipa la taka la mtaa wa pili, na Rafiq alinituma nikaitafute. Tangu siku ile sijawahi kuondoka kwenye feni bila kuiachia kipande cha karatasi, na sijawahi kutupa maiti.

Haya, Hatta.

Hatta iko ndani ya milima, karibu na mpaka wa Oman, na wakati wa kipupwe kuna baridi ya kweli. Si theluji, lakini asubuhi ukiwa ndani ya nyumba ya mawe unaiona pumzi yako. Kulikuwa na bwana mmoja tuliyekuwa tukimtengenezea viyoyozi kwenye nyumba yake ya Mirdif, mjini Dubai, Sir Hamad. Alisoma Marekani, kwenye jimbo la baridi kali. Wengine hurudi kutoka masomoni na digrii; yeye alirudi na digrii na tanuri. Ndiyo, tanuri la gesi la kupashia nyumba nzima, refu kama jokofu, alilolileta kwa kontena akalisimamisha kwenye stoo ya nyumba ya mama yake kule Hatta, na kupitisha mifereji ya hewa darini mpaka kila chumba. Liliunguruma miaka mingi. Kisha likazima, na kampuni iliyolitengeneza ilikuwa imeshaacha kutoa spea zake.

Sir Hamad alituchukua mimi na Rafiq mpaka huko, na njiani alisema wazi anachotaka. Hakutaka tulitengeneze. Alitaka tumwambie mama yake kwamba limekufa.

Kisa chenyewe ni kwamba kipupwe kilichotangulia yule mama aliugua kifua, na Hamad akaapa hatamwacha tena alale kwenye baridi. Alimpelekea hita ndogo za umeme, moja ikababua zulia, akazitupa zote. Sasa alikuwa amemwandalia chumba Mirdif. Mama naye alikuwa amekataa katakata. Mwisho wakakubaliana: tanuri likiwaka, anakaa Hatta, lisipowaka, anahamia Mirdif kabla baridi haijashika. Hamad alikuwa na uhakika wa jibu. Hakuwa mtoto mbaya, msimfikirie hivyo. Alikuwa mtoto mwenye hofu.

Tukashuka garini, na mimi, kwa mazoea ya kuzungumza peke yangu, nikasema kwa Kiswahili kwamba hii baridi si mchezo. Kutoka barazani ikaja sauti ya mwanamke.

"Mwanangu, wewe wa wapi?"

Alikuwa mama mdogo wa umbo, shali mabegani, miwani yenye kamba shingoni. Bi Zuwena. Alizaliwa Unguja, akaolewa kwenda kule akiwa msichana, na Kiunguja chake kilikuwa hakijapata hata mkwaruzo. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mimi ni wa Mombasa.

"Haya," akasema, "si vibaya sana."

Akamgeukia mwanawe akamwambia maneno mengi kwa Kiswahili, naye Hamad akajibu kwa Kiarabu. Ndivyo walivyokuwa, yeye anasema hivi na mwanawe anajibu vile, na kila mmoja anamwelewa mwenzake. Sijawahi kumsikia Hamad akitamka neno la Kiswahili, ingawa hakuna hata moja lililompita sikioni. Alipokwenda kuzungumza na mfanyakazi wa shamba, Bi Zuwena akaninong'oneza.

"Hamad kakuleteni mje mnizike. Mie hapa nina mitende yangu, mbuzi wangu, na kaburi la mume wangu pale nyuma ya kilima. Mtu wa umri wangu akiondoka kwa msimu mmoja, vitu vyake huanza kugawiwa. Kwa hiyo usiitazame mashine, mwanangu. Nitazame mie."

Nilimtazama, na kusema kweli nilimpenda palepale. Alinikumbusha mama yangu jinsi alivyokuwa akiomba kitu kwa sauti ya kuamrisha.

Rafiq hakuelewa maneno lakini alielewa uso. Akapiga magoti mbele ya tanuri akatoa tochi na kile kioo chake kidogo chenye mpini. Hapa sikilizeni vizuri, wale mtakaofanya kazi ya gesi. Ndani ya tanuri kuna vyumba vya chuma ambamo moto huwaka. Hewa ya nyumba hupita nje ya vyumba hivyo, ikapata joto, ikaenda zake. Moshi nao hupanda bomba ukatoka nje. Hewa na moshi havikutani. Sisi tuliviita tumbo. Tumbo likiwa na ufa, hata wa unywele, moshi usio na harufu huingia vyumbani na watu hulala wasiamke. Kijiti cha kuwashia kina yunivasal, bodi ya umeme inayoiongoza mashine ina yunivasal, mota, vali, kila kitu. Tumbo halina. Likipasuka unafunga gesi, unakata waya, unaondoka, na hata akulilie nani hugeuki nyuma.

Rafiq alikagua taratibu, chumba baada ya chumba. Bi Zuwena alileta chai ya tangawizi, ikapoa. Hamad alisimama mlangoni, nami nilimwona anaomba dua yake kimoyomoyo, na mama yake anaomba ya kwake, na Mungu mwenyewe anajua alizipangaje. Mwisho Rafiq akatoa kichwa, ndevu zimejaa masizi.

"Tumbo zima, halina ufa," akasema kwa Kiarabu. "Yalla, tutafute spea."

Hamad akatupisha mlangoni. Alikuwa ametoa ahadi, na alikuwa mtu wa ahadi.

Tulirudi Jumamosi asubuhi na maboksi yetu. Hamad alikuwa amefika kabla yetu, na begi la mama yake lilikuwa tayari kwenye buti la gari, limefungwa. Nililiona nilipokuwa nikishusha vifaa. Begi dogo la kahawia, na juu yake mto wake wa kulalia.

Kazi ile tuliifanya kwa raha kubwa. Kwanza umeme: mashine ya Kimarekani hutaka umeme wa nguvu nusu ya ule wetu, kwa hiyo lazima ipitie transfoma ya kuupunguza. Fundi fulani kabla yetu alikuwa ameiruka transfoma, na kile kijiti cha kuwashia kikapasuka vipande. Kijiti hicho ni cha udongo mgumu. Hupata umeme kikawa chekundu, gesi ikipita inawaka. Kipya usikiguse kwa kidole. Mafuta ya kidole chako yanabaki pale, na pale ndipo kitakapovunjikia. Rafiq alikishika kwenye kitako kwa kitambaa safi, akakipima na kile kilichokufa ili kikae umbali uleule kutoka kwenye mdomo wa gesi. Kikiwa mbali gesi hujikusanya kwanza, halafu inawaka kwa kishindo, na nyusi zako zinakwenda nayo.

Vali ya gesi nayo ilikuja ikiwa imewekwa kwa ajili ya gesi ya bomba, ya Ulaya na Marekani. Hatta ni gesi ya mtungi, yenye nguvu zaidi. Kwenye ule mfuko wa vikorokoro kuna springi ndogo ya kubadilisha. Wengi huitupa wakidhani ni ya ziada. Usipoiweka, moto utakuwa wa njano, mrefu, wenye masizi. Unataka moto wa buluu, mfupi, uliotulia. Tukapima presha, tukaweka bodi mpya, tukaziunganisha nyaya moja moja kwa kuitazama ile ya zamani. Kijiti cha kunusa moto, kile kinachofunga gesi moto usipowaka, tulikisugua kwa waya laini wa kusugulia sufuria tu. Kilikuwa kizima, kichafu.

Rafiq akachukua kijiti kilichokufa, bodi iliyoungua na themostati ya zamani, ile swichi ya ukutani ya kuchagulia joto, akavifunga kwa waya mwembamba, akavining'iniza ndani ya mlango. Bi Zuwena akauliza hizo hirizi za nini. Nikamweleza, na Hamad amesimama karibu anasikia: marehemu anakaa mlangoni mpaka aliyechukua nafasi yake azoee. Alipenda sana. Akasema huyo Mpathani ana adabu.

Kilichobaki kilikuwa themostati mpya, ya yunivasal nayo, ya joto na baridi. Niliifunga sebuleni mimi mwenyewe, nikasukuma swichi yake, nikabonyeza kishale, na feni kubwa ikaanza kuvuma darini. Tukatazamana tukacheka.

Hewa ikatoka. Ilikuwa ya baridi.

Tukangoja. Hewa ya baridi ikaendelea kutoka, kwa nguvu, moja kwa moja kwenye shali la Bi Zuwena. Nikakimbilia stoo. Kijiti hakikuwa chekundu. Gesi haikuja. Tukalizima, tukafungua, tukapima transfoma, tukapima bodi, tukamwuliza marehemu kila waya ulikwenda wapi. Kila kitu kilikuwa sawa. Tukawasha tena: feni, upepo, baridi. Rafiq akaanza kulaumu bodi, mimi nikaanza kulaumu vali, na asubuhi ikaishia hapo. Nilikuwa nimetengeneza mashine za watu miaka yote hiyo na sijawahi kuona mashine nzima namna ile ikikataa kazi.

Hamad akainuka. Hakuwa na furaha ya mshindi, nampa haki yake. Alimshika mama yake mkono akamwambia taratibu, kwa Kiarabu, kwamba basi, waondoke: "Khalas, Mama. Yalla."

Bi Zuwena hakuinuka. Alikuwa amejikunyata chini ya tundu la hewa, miwani puani, anaitazama themostati.

"Mwanangu," akaniita, "hebu njoo. Hiki kidude cha ukutani, umekiomba nini?"

Nikamwambia nimekiomba kiwashe mashine.

"Nilikuona. Ulibonyeza chini, chini, chini, mpaka kikagoma. Mie ufundi siujui. Lakini baridi ninayo tayari, sihitaji kuongezewa."

Nikakisogelea nikakitazama. Dubai, mtu yeyote akiingia chumbani hubonyeza chini. Nilikuwa nimebonyeza chini maisha yangu yote ya kazi, kwenye hoteli, kwenye misikiti, kwenye maduka. Kidole changu hakikujua kwamba kuna juu. Swichi nayo nilikuwa nimeisukuma kwenye baridi, bila hata kuitazama. Mashine ilikuwa inanitii: nilitaka baridi, ikatafuta baridi, haikuipata, ikawasha feni yake kwa heshima. Naye Rafiq, mtu aliyezaliwa kwenye theluji, alikuwa amesimama pembeni yangu akinitazama nikibonyeza na hakuona kasoro.

Nikasukuma swichi kwenye joto. Nikabonyeza juu.

Stoo ikalia tak. Kifeni kidogo cha moshi kikaanza kuzunguka. Nikakimbilia huko, na kupitia kidirisha cha mlango wa tanuri nikaona kijiti kinakuwa chekundu, kisha cha rangi ya chungwa, kisha gesi ikapumua na moto wa buluu ukakimbia kutoka upande mmoja mpaka wa pili, mfupi, umetulia. Rafiq akanipiga kofi la mgongo lililonipeleka mpaka ukutani. Tuliporudi sebuleni feni kubwa ikavuma, na safari hii hewa ilikuja na harufu ya vumbi linaloungua, ambayo ni kawaida kwa mara ya kwanza, halafu ikaja hewa yenyewe, kavu, ya vuguvugu. Bi Zuwena akafungua shali.

Hamad alikwenda akasimama chini ya lile tundu. Akavua kilemba chake, akainua uso, akafumba macho. Sijui alikuwa wapi wakati ule, Marekani au utotoni. Kisha akamgeukia mama yake.

"Kaa, Mama," akasema. "Kaa kwako."

Kwa Kiswahili. Bi Zuwena alishika mdomo kwa ncha ya shali. Hamad akatoka nje, akarudi na begi la kahawia kwenye mkono mmoja na mto kwenye mwingine, akavipeleka chumbani.

Kila mwaka baada ya hapo, kabla baridi haijaingia, nilipanda Hatta kulikagua. Tumbo kwanza, kwa tochi na kioo, hata kama lilikuwa zima mwaka jana. Kipupwe cha kwanza kilipopita nilitaka kuwatoa wale marehemu mlangoni, kama kanuni inavyosema. Bi Zuwena akanikataza; akasema wamefanya kazi, waacheni wapumzike nyumbani. Alinifungia mkate wa ufuta wa kula njiani, na kila mara aliuliza kama Mombasa wameshajifunza kusema Kiswahili.

Alifariki nyumbani kwake, kitandani mwake, wakati wa joto, tanuri likiwa limezimwa. Ule ulikuwa mwaka wangu wa mwisho Dubai. Baridi ilipokaribia, Hamad akanipigia simu niende. Nilidhani anataka niling'oe tanuri, wauze nyumba au waifunge. Nilipofika nikakuta viatu vyake barazani, mitende imemwagiwa maji, mbuzi wananitazama. Alikuwa amehamia yeye. Mirdif amewaachia watoto wake.

Nikapiga magoti stoo, nikafungua mlango wa tanuri. Kijiti kilichokufa kilikuwa pale, na bodi, na themostati ya zamani. Pembeni yao, imefungwa kwa waya mwembamba uleule, ilining'inia miwani ya Bi Zuwena pamoja na kamba yake.

Nikageuka. Hamad alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mfukoni.

"Mpaka nizoee," akasema.

Nikakagua tumbo. Nikafunga mlango taratibu miwani isigonge, nikaenda sebuleni, nikabonyeza juu.